Grini kadi au uraia wa Marekani: Mkenya, Mtanzania na Mkongomani hawapigi hesabu moja

Miaka mitano ya grini kadi imetimia, au mitatu kama mwenzi wako ni raia wa Marekani na bado mnaishi pamoja. Sasa kila mkikutana, msikitini, kanisani au kwenye msiba, swali ni lile lile: umeshajaza N-400, ile fomu ya kuomba uraia? Mkenya atakuambia jaza leo. Mtanzania atakuambia usiwe na haraka. Mkongomani aliyekuja kama mkimbizi atakushangaa unasubiri nini. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi. Sheria ya Marekani inawahesabia sawa, lakini kila mmoja alikuja na pasipoti yake, ana watu wake aliowaacha, na ana faili lake uhamiaji. Hayo matatu ndiyo yanayoamua, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Mengine yanatosha kwenye jedwali.

| | Grini kadi | Uraia |
|---|---|---|
| Gharama (ada zilizoanza Aprili 2024) | Kila miaka 10, fomu I-90 ya kufanya kadi upya: dola 465 kwa karatasi, 415 mtandaoni | Mara moja, fomu N-400: dola 760 kwa karatasi, 710 mtandaoni, pasipoti ya kwanza ya mtu mzima dola 165 |
| Kukaa nje ya Marekani | Kwa mipaka | Utakavyo |
| Kura za shirikisho | Marufuku | Ruhusa |
| Unaoweza kuwaombea | Mume au mke, na watoto wasio na ndoa | Hao, pamoja na wazazi, watoto wenye ndoa, kaka na dada |
| Kufukuzwa nchini | Inawezekana | Hapana, ila uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa |
| Kodi | Mapato yote, popote duniani | Vivyo hivyo |

Safu ya gharama isikutishe. Kama kipato cha nyumba yako hakizidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini cha serikali, N-400 unailipia dola 380, na mwenye hali ngumu zaidi anaweza kuomba asamehewe ada yote kwa fomu I-912. Wengi hawaombi punguzo hili kwa sababu hakuna aliyewaambia, wakati ukiwa na watoto wanne na mshahara mmoja wa ghalani huenda unastahili. Ila punguzo linaombwa kwa fomu ya karatasi. Pia kadi ikiisha muda, ukaazi wako haujaisha, kilichoisha ni kile kipande cha plastiki. Utasumbuka kazini na uwanja wa ndege, lakini hujawa mtu asiye na makaratasi. Habari hiyo haimhusu mwenye kadi ya miaka 2 aliyoipata kwa ndoa changa: yeye asipopeleka I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, ukaazi wenyewe unapotea.

Safu ya kodi nayo huwashangaza watu. Kuna wanaokwepa uraia wakidhani grini kadi inawaficha na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Haiwafichi. Nyumba unayopangisha Kitengela au Tabata inatakiwa kwenye hesabu zako za kodi tangu ulipopata ukaazi, na jumla ya akaunti zako za nje ikipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka unatakiwa kuziripoti, uwe raia au mkaazi.

Kwenda nyumbani na kurudi

Mwenye grini kadi anaruhusiwa kusafiri, lakini Marekani inamtaka aishi kule kweli. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo, unakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba ukaazi wako haukukatika, na hesabu ya miaka mitano ya uraia inaweza kuingia doa. Ukipitisha mwaka bila kibali cha kurudi, kile kinachoombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani na kinachodumu hadi miaka 2, kadi yenyewe inatiliwa shaka. Kumwuguza mzazi, kusimamia ujenzi, kesi ya shamba: haya ndiyo yanayowashika watu wetu miezi 8 au 9 bila kukusudia. Desturi ya kurudi siku chache kila mwaka ili kuigusa kadi haina kinga ya kisheria. Ofisa wa mpakani anaangalia unaishi wapi, na kugonga muhuri hakumtoshi.

Kwa hiyo anayetaka kustaafu nusu mwaka Mombasa na nusu mwaka Dallas, uraia unamfaa kuliko kadi. Kwa safari nyingine tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani: mwenye grini kadi na pasipoti hai ya nchi yake anaingia Kanada na Meksiko bila viza. Ulaya ndiko atakakopanga foleni ya viza ya Schengen kama aliyetoka Dar es Salaam jana.

Nani unataka aje

Hapa ndipo uraia unapoonyesha nguvu zake, na ndipo pia watu wanapojikwaa.

Mama na baba huwezi kuwaombea kwa grini kadi. Hakuna fungu lao. Ukishakuwa raia na umefika miaka 21, wanaingia kundi la ndugu wa karibu, lile lisilo na ukomo wa viza kwa mwaka. Kama lengo lako ni mama, mjadala umekwisha. Kaka na dada nao ni wa raia peke yake, lakini usimwahidi mdogo wako kitu: foleni yao huchukua zaidi ya miaka 10, na atakapofika mbele watoto wake wanaweza kuwa wameshavuka umri.

Mume au mke na watoto walio chini ya miaka 21 unaweza kuwaombea kwa vyote viwili. Tofauti ni kwamba mkaazi yuko kwenye fungu lenye foleni, raia hana foleni ya viza. Lakini kuna mtego ambao umewachelewesha wengi. Mkaazi akimwombea mkewe, fomu moja ya I-130, ile ya kumwombea ndugu, inabeba na watoto wao: wanafuata kwenye faili la mama. Akiapa uraia kabla hawajafika, faili la mke linapanda kundi la ndugu wa karibu, na kundi hilo halibebi wafuasi. Kila mtoto anahitaji I-130 yake, dola 625 mtandaoni au 675 kwa karatasi. Baba anaapa kwa furaha, mama anaitwa ubalozini, watoto watatu hawamo. Dawa ni kumfungulia kila mtoto faili lake mapema, hata kabla ya kujaza N-400.

Mtego wa pili ni harusi. Mkaazi anaweza kumwombea mwanawe wa miaka 25 mradi hajaoa. Kijana akioa huku baba bado ana grini kadi, ombi linakufa palepale, na baba akiapa mwezi unaofuata halifufuki. Inabidi kuanza upya. Wala usidhani nikaha au ndoa ya kimila haihesabiki. Ikitambuliwa na sheria ya nchi ilikofungwa, ni ndoa. Baba akishakuwa raia ndipo kijana anaweza kuoa na ombi likaendelea, kwenye foleni ndefu zaidi. Kama una mtoto mkubwa nyumbani na mahari imeshajadiliwa, uraia wako ni wa haraka kuliko karamu.

Na mtoto uliye naye Marekani? Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, mtoto mwenye grini kadi aliye chini ya miaka 18, anayeishi na wewe na uko na haki ya malezi yake, anakuwa raia siku ile ile unayoapa. Hajazi fomu ya kuomba, hafanyi mtihani. Unaweza kumwombea pasipoti moja kwa moja badala ya cheti cha uraia cha fomu N-600, ambacho kinagharimu dola 1,335 na zaidi. Akifikisha miaka 18 kabla hujaapa, atajisimamia mwenyewe, na akikamatwa na bangi chuoni atakamatwa kama mgeni. Mwenye kijana wa miaka 16 asicheze na kalenda.

Kuhusu vizuizi vya sasa: amri ya rais ya Juni 2025 iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya sehemu, na ya Desemba 2025 ikaiongeza Tanzania. Hazimzuii mwenye grini kadi kurudi Marekani, lakini zinamgusa ndugu anayesubiri viza, na USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, nayo ilitangaza kushikilia maombi ya watu wa nchi zilizoorodheshwa walio ndani ya Marekani. Mambo haya hubadilika kwa tangazo la siku moja, kwa hiyo angalia tovuti ya USCIS wiki ile ile unayolipa ada.

Pasipoti uliyokuja nayo

Kiapo cha uraia wa Marekani kina maneno ya kukana utii kwa dola nyingine. Watu wakiyasikia hufikiri pasipoti yao imekufa pale pale ukumbini. Marekani haikunyang'anyi pasipoti ya kwenu; kama umepoteza uraia wa kwenu au la, inaamua sheria ya kwenu.

Mkenya ana nafuu. Katiba ya 2010, ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine, na ibara ya 14 inamruhusu aliyeupoteza kabla ya hapo kuurudisha. Anabaki na kitambulisho, kura na shamba lake. Wajibu mmoja husahaulika: sheria ya uraia ya 2011 inamtaka autangaze uraia wake wa pili ndani ya miezi 3, na kunyamaza ni kosa lenye faini, kifungo au vyote viwili. Anayeota ugavana au wizara asome pia ibara ya 78, inayowabana maofisa wa dola wenye uraia pacha. Kwa Wakenya wengine wote, sioni hoja yenye uzito ya kubaki na kadi kama faili ni safi. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu uraia pacha, kila moja kwa taratibu zake.

Mtanzania ndiye mwenye uamuzi mzito. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaacha kuwa Mtanzania, na kuendelea kuitumia pasipoti ya Tanzania baada ya hapo ni kosa. Kinachouma zaidi ni ardhi, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kile kiwanja cha Kigamboni na kile cha urithi Moshi vinaingia kwenye swali. Serikali imekuja na Hadhi Maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, kwa kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi. Ni hatua, lakini si uraia: haina kura wala pasipoti. Bila hadhi hiyo unaingia kama Mmarekani yeyote, kwa viza ya dola 100 ya mwaka mmoja.

Mimi naona Mtanzania asiamue kwa hasira wala kwa uchungu wa nchi. Ajiulize anacho nini nyumbani kwa jina lake, na ana nani wa kumleta. Kijana asiye na ardhi, mwenye mama mgonjwa Tanga anayetaka kumleta, ana sababu kubwa ya kuapa. Mtu wa miaka 58 mwenye nyumba mbili Mwanza, watoto wote raia wa kuzaliwa Marekani na mpango wa kurudi, grini kadi inamtosha mpaka siku atakapoondoka kwa hiari. Ila akumbuke kwamba akikaa na kadi miaka 8 au zaidi kisha akairudisha, kuna kanuni za kodi za kuondoka ambazo mwenye mali nyingi anapaswa kuzipeleka kwa mhasibu kwanza.

Mkongomani yuko katikati. Katiba ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Kwa vitendo wapo wengi wenye pasipoti mbili wanaopita uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa, kimyakimya. Kwa aliyekimbia Fizi au Uvira akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hoja ya pasipoti ya Kongo hata haifiki mezani. Wengi hawakuwahi kuishika.

Waliokuja kama wakimbizi

Kundi hili lina sababu zake, nami ningeliweka mbele ya wote kwenye foleni ya N-400.

Kwanza, miaka yao huhesabiwa kwa njia tofauti. Mkimbizi anaomba grini kadi baada ya mwaka mmoja, na ikitoka, tarehe ya ukaazi inarudishwa nyuma hadi siku aliyotua Marekani. Angalia kadi yako, pale palipoandikwa ukaaji tangu lini. Hata kama kadi ilichelewa miaka mitatu kutoka, miaka mitano inaanza siku ya ndege. Aliyepewa hifadhi akiwa tayari ndani ya Marekani anarudishiwa mwaka mmoja tu. Na kila mtu anaweza kutuma ombi siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia, mradi awe amekuwepo nchini kwa mwili wake angalau miezi 30 kati ya hiyo.

Pili, safari. Mkimbizi mwenye grini kadi husafiri kwa hati ya safari ya mkimbizi, inayodumu mwaka mmoja, na akikanyaga nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kwa nini aliomba ulinzi. Kwa pasipoti ya Marekani anaweza kwenda kumzika babu Bukavu bila swali hilo.

Tatu, na hili linawagusa wazee: posho ya SSI kwa wazee wa miaka 65 na zaidi na wenye ulemavu hulipwa kwa mkimbizi kwa miaka 7 tangu alipopata hadhi, kisha hukatwa kama hajawa raia, labda awe mkaazi mwenye historia ndefu ya kazi. Sasa linganisha na misamaha ya Kiingereza. Mwenye miaka 50 na ukaazi wa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa 15, anasamehewa Kiingereza na kujibu maswali ya uraia kwa Kiswahili, kwa mkalimani. Mama aliyefika Marekani 2019 akiwa na miaka 66 ataukuta msamaha wa miaka 15 mwaka 2034, ilhali SSI yake inafika ukingoni 2026. Hawezi kusubiri. Njia zake ni mbili: darasa la Kiingereza, au fomu N-648, ambayo daktari anaeleza ugonjwa na jinsi unavyomzuia kujifunza. Uzee wenyewe haukubaliki kuwa sababu, wala kutojua kusoma. Daktari akiandika mistari miwili, itarudishwa.

Mtihani nao umekuwa mgumu kidogo. Kwa maombi yaliyotumwa kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, orodha ni ya maswali 128, unaulizwa hadi 20 na unatakiwa upate 12. Mwenye miaka 65 na ukaazi wa 20 ana orodha fupi ya maswali 20, anaulizwa 10 na kupita kwa 6. Ukianguka, unaitwa mara ya pili kwa sehemu uliyoshindwa, bila ada mpya.

Ambao nawaambia wasijaze kwanza

Grini kadi inakuacha upumue mpaka uifanye upya. N-400 inafungua faili lote, tangu viza ya kwanza. Ulichosema ubalozini Nairobi, watoto uliowataja na ambao hukuwataja, ndoa ulizofunga na kuvunja, kila kukamatwa hata kama kesi ilifutwa. Ofisa akikuta tatizo, anaweza kukataa ombi, na wakati mwingine kukupeleka mahakama ya uhamiaji ukiwa na hatari ya kuipoteza hata hiyo kadi.

Kwa hiyo wapo ambao kwao swali la kadi au uraia linaanzia kwa wakili. Aliyewahi kutiwa hatiani, hasa kwa ugomvi wa nyumbani, dawa za kulevya au wizi. Aliyesema hajaoa ili apite bahati nasibu ya viza, kumbe ana mke. Mwenye wake wawili anaoishi nao sasa kama wake, kwa maana sheria inahesabu hilo kuwa doa la tabia njema, hata kama ndoa zote ni halali Zanzibar. Mvutaji au mwuzaji wa bangi kwenye jimbo lililoihalalisha: sheria ya shirikisho bado inaikataza, na uhamiaji ni wa shirikisho. Na yule aliyeulizwa dirishani, siku ya leseni ya udereva, kama anataka kujiandikisha kupiga kura, akaitikia kwa adabu bila kuelewa. Kujitangaza raia na kupiga kura ukiwa si raia ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumwondoa mtu nchini, na N-400 inauliza hayo waziwazi. Usijibu uongo, usijaze peke yako.

Wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ndio pekee wenye ruhusa ya kukushauri. Mashirika kama Catholic Charities na International Rescue Committee yana ofisi za namna hiyo katika miji mingi, kwa ada ndogo. Yule ndugu anayejazia watu fomu kwa dola 200 sebuleni kwake hatakuwa kwenye chumba cha usaili, na sahihi kwenye fomu ni yako.

Mtanzania aliyeamua kuapa, kabla ya tarehe ya kiapo afanye jambo moja: aketi na wakili wa ardhi nyumbani, aulize hati zilizo kwa jina lake zitasimama wapi na Hadhi Maalumu inaombwaje. Baada ya kiapo, mazungumzo hayo atayafanya kama mgeni.